Bi Thomasine Luscombe, Aliyeyaonja Maji ya Kijito

Marehemu Bi Thomasine Luscombe alizaliwa tarehe 14 Mei 1608 huko Dittisham, Devon, ng'ambo ya bahari, binti wa fundi mapipa Roger Tapley. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alitoka tumboni akiuliza. Alitaka kujua merikebu zikishuka mtoni zinaelekea wapi, na nani aliyewahi kurudi kutoka huko.

Shule hakuiona, enzi hizo wasichana wa Dittisham hawakupelekwa. Alijifunza kusoma Biblia jikoni kwa mjane mmoja, akimwokotea kuni.

Alipokuwa kigori alianza kupika bia ya shayiri, akaziuzia merikebu zilizovusha wahamiaji. Hakuna nahodha aliyeng'oa nanga bila bia. Maji ya pipa yalioza njiani, na kwao Devon maji baridi yalikuwa ya ng'ombe. Mtu kuyanywa, walisema, ni kujichimbia kaburi.

Tarehe 3 Juni 1629 aliolewa na seremala Barnaby Luscombe. Aprili 1635 walipanda merikebu *Kwale* pale Dartmouth. Upepo uliwakataa, safari ikarefuka, na walipofika hapa Stokeham, koloni letu hili, mwezi Julai, Barnaby alishushwa ufukweni kwa machela, homa imempanda, midomo imepasuka, analilia kinywaji. Nahodha Gilbert Spry akasema bia iliyobaki ni ya mabaharia wake kwa safari ya kurudi.

"Bia hiyo nimeipika mimi!" Bi Thomasine akafoka.

"Uliipika ukaiuza, mama. Nikikupa, vijana wangu wanywe nini katikati ya bahari?"

Akamgeukia mumewe, akamwonyesha kijito kilichoingia baharini pale karibu.

"Maji?" Barnaby akanong'ona. "Wewe mwanamke, umeshapata mume mwingine? Niambie tu!"

"Basi naanza mimi. Nikifa, usiyanywe."

Jamani, mwanamke yule alipiga magoti akanywa mbele ya watu wote! Alisimulia baadaye kwamba moyo ulikataa, lakini ulimi ulitaka kujua. Kisha akaketi juu ya jiwe, abiria wamemzunguka, wanamkodolea macho.

"Tumbo linasemaje?" akauliza Bi Prowse, jirani yake wa melini.

"Linasema lina njaa."

Jua lilipopinda alikuwa bado mzima, tena amechoka kutazamwa. Akajaza kata, akamwinua Barnaby kichwa, akamnywesha kidogo kidogo mpaka usiku. Siku ya tatu homa ikashuka. Bi Prowse naye alionekana kijitoni, amejificha nyuma ya kichaka, anakunywa.

Mwaka jana miguu ya Bi Thomasine ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Binti yake Damaris alimuuguza kwa upendo mkubwa. Mchungaji alimuuliza kama anaogopa. "Kidogo," akajibu. "Ila nina hamu ya kuona huko kukoje." Alfajiri ya tarehe 2 Novemba 1671 akakata roho, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Barnaby. Tumeumia sana.

Marehemu ameacha mume, Mzee Barnaby. Watoto watatu, Damaris, Josias na Mercy. Wajukuu kumi na mmoja, wa mwisho bado ananyonya. Hakuna hata mmoja kati ya watoto na wajukuu hao aliyekuwa amezaliwa siku ile Barnaby alipolala ufukweni akikataa kunywa.

Bwana ampumzishe mama huyu, na amjibu yote aliyokwenda kuuliza.