Hasira Niliyoikana Kwenye Karatasi

Asalaam aleikum, dada zangu wa kikundi chetu cha Alhamisi, nanyi wa kanisani, hamjambo. Kazi yangu ni mapishi ya harusi, hapa hapa Makadara. Leo nawaeleza jinsi nilivyopimwa hasira nikaonekana sina hata chembe.

Shoga yangu, tuliyekula naye sahani moja tangu utotoni, alikuja kuniagiza pilau. Alisema mdogo wake anaolewa, kule Ganjoni. Nikapika kwa mapenzi. Kufika na masufuria, upande wa wanawake, nikaona bibi harusi ni yeye mwenyewe. Bwana harusi alipoingizwa, alikuwa mume wangu. Kwa nini walinipikisha mimi? Ubahili au ujeuri, Mungu ajua. Nami nikapakua, nikawatakia heri, nikarudi nyumbani.

Ndugu zangu, nawaambia, tangu siku ile nikisikia harufu ya bizari mikono yatetemeka. Pilau ikawa yanishinda, wateja wakanihama. Mamangu akanipeleka kwa mshauri nasaha, naye akanipa karatasi ya maswali. Je, wewe hukasirika upesi? Hutamani kuvunja vitu? Huwaza kulipiza? Nichague: kamwe, mara chache, mara nyingi. Nikatia alama kwenye kamwe, toka juu hadi chini. Mshauri akajumlisha, akasema hasira yangu ni ndogo mno.

Mamangu akaguna. "Mwanangu, hii karatasi umeijibu kama salamu."

Na kweli. Si ndivyo tulivyolelewa? Ukiulizwa habari za nyumbani, wajibu njema, hata kama ndani mna maiti. Karatasi iliuliza, adabu ikajibu.

Mshauri akanirudishia kalamu. Nikaishika, nisiweze kuandika. Nikasema kwa mdomo: "Nina hasira nao. Walikula chakula changu huku wakinitazama."

Nikalia mpaka buibui likarowa. Nilipoijaza karatasi upya, alama zilipanda sana, na hapo ndipo tukajua pa kuanzia.

Namshukuru mamangu, na mshauri, nanyi mlionisikiliza humu kila Alhamisi bila kunihimiza nisamehe. Anayewauliza mna nini kwa nia ya kuwasaidia, mwambieni kweli. Kuficha hasira si subira.

Mimi bado ninayo, tena siionei haya. Ila pilau ya leo nimeipika mimi, na mikono haikutetemeka. Kuleni. Mkishiba, niulizeni habari zangu.