Tusekile na Bwawa la Familia

Haya wajukuu, fumbueni: shamba langu halina udongo, wanaolilima hutumia mikono na miguu, na wakitoka huvuna njaa tu. Ni bwawa la kuogelea!

Mwaka hamsini na sita, ndani ya basi la Mbeya, Tusekile alimwambia Tekla wa Mlandege kule Iringa, aliyekutana naye humo humo, "Jumamosi naingia bwawa jipya la kuogelea, lile la familia zote. Wanangu wamenililia mno. Na baba mkwe huogelea humo."

Tekla akashika mdomo. "Ninyi wanawake wa Kinyakyusa si mnamkimbia baba mkwe, msionane hata uso? Mkikutana majini, utakimbilia wapi?"

Mimi niliyeketi nyuma yao niliacha kutafuna karanga nisikie. Basi liliposimama Uyole, Tusekile akashuka, akachungulia dirishani akicheka. "Dada, unadhani kwa nini nimejifunza kupiga mbizi kabla ya kuelea?"