Ukungu wa Ndani

Zephania: Haloo? Nani mwenzangu?

Adelina: Mimi.

Zephania: Mimi nani?

Adelina: Adelina, kaka. Kwani una dada wangapi hapa Stockholm?

Zephania: Aa! Mbona namba ngeni?

Adelina: Ya Brigitha, jirani yangu. Yangu siku hizi hupokei.

Zephania: Acha hizo, bwana. Kazi tu. Habari za huko kwako Hagsätra?

Adelina: Nimechoka. Nimetoka zamu ya usiku, hata sijalala. Uko wapi?

Zephania: Tumba, stesheni. Yaani nilikuwa na simu mkononi nikupigie. Leo sitaweza kuja kumwona mama. Huku kuna ukungu, mdogo wangu, mtu humwoni hata—

Adelina: Na huku upo.

Zephania: Si unaona! Sasa treni zenyewe—

Adelina: Upo chumbani kwa mama.

Zephania: Ukungu? Chumbani?

Adelina: Ule mwingine. Wa ukutani. Wenyeji wanauita mögel, huo wako dimma. Sisi yote ukungu. Leo nimevuta kitanda chake nitafute soksi, ukuta wote nyuma mweusi— [mkwaruzo] —hadi kitenge chake cha kanisani.

Zephania: Na siku zote hukuona?

Adelina: Usinianze. Aliniambia tangu mwezi uliopita: "Adelina, humu ndani kuna ukungu." Mimi na usingizi wangu nikadhani anaukumbuka ukungu wa kwetu Makete. Nikamjibu, "Ndiyo mama, ni msimu wake, utapita."

Zephania: [anacheka] Jamani!

Adelina: Usicheke. Anakohoa.

Zephania: Sana?

Adelina: Kama baba mwaka ule wa mwisho.

Zephania: Maji yametoka wapi? Bomba?

Adelina: Hakuna bomba. Fundi wa nyumba alikuja jana kuangalia kile kioo cha dirisha kinachotiririka maji. Kasema hewa yenye joto inabeba maji, wala huyaoni. Ikikutana na baridi inayatema. Huko nje ni ukungu, juu ni mawingu, kwangu mimi ni dirisha na ukuta.

Zephania: Hiyo tulisoma. Mvuke ukipoa juu ya—

Adelina: Mwalimu, subiri. Akauliza, nani anashinda humu? Mama. Anachemsha maharage, anaanika nguo, na matundu ya hewa ameyaziba yote kwa matambara, baridi isiingie. Na usiku anapumua. Fundi anasema hata pumzi ni maji.

Zephania: Ni kweli.

Adelina: Kaka, kila asubuhi nafuta kioo kile. Kumbe nafuta pumzi ya mama. Nakamua kitambaa kwenye sinki.

[mkwaruzo mrefu]

Zephania: Haloo? Ade?

Adelina: Nipo. Ukuta huu ni wa kukwanguliwa na kupigwa dawa. Mama hawezi kulala humu tena, na kile chumba kingine mimi na watoto tumejaa. Mchukue. Leo.

Zephania: Hali yangu unaijua.

Adelina: Naijua. Mama ndiye hajui.

Zephania: Nimwambieje? Amebeba mkeka toka Makete, zawadi ya mkwewe Valerie. Nimwambie Valerie kaondoka?

Adelina: Mkeka anaukunjua, anaukung'uta, anaukunja. Kila siku.

Zephania: Nina chumba kimoja, Ade. Cha kupanga. Kitanda kimoja.

Adelina: Kikavu?

Zephania: Nini?

Adelina: Chumba. Kikavu?

Zephania: ...Kikavu.

Adelina: Basi.

Zephania: Yuko wapi saa hizi?

Adelina: Dirishani. Kioo kimejaa mvuke, amefuta sehemu ndogo, kama kiganja, anatazama watu wanaotoka stesheni. Si ulisema leo Jumapili unakuja?

Zephania: Na ukungu huu ataona nini?

Adelina: Haoni kitu. Anafuta tena.

Zephania: ...Mwambie nakuja.

Adelina: Mimi kumwambia nimechoka. Na simu ya watu hii chaji inaisha. Mwambie mwenyewe. Mama! Zephania huyu—

Zephania: Ade, ngoja kwanza, hilo la Valerie nita—

Mama: Haloo? Zephania? Hamjambo, wewe na mkwe wangu?

Zephania: Shikamoo, mama. Nakuja kukuchukua. Ila... niko peke yangu, mama. Tangu Pasaka. Na kitanda ni kimoja.

Mama: Marahaba. [anakohoa] Basi ule mkeka nitaulalia mimi.

[simu inazimika]