Vina, Mizani na Vyumba vya Kiguu na Njia

Ndugu, jamaa, majirani na wanachuo mliofika, familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu asimame hapa asome maisha ya dada yake, na imemwonya asirefushe, kwa sababu leo hii, Ijumaa tarehe 12 Juni, saa nane mchana, chuoni kuna shughuli ambayo marehemu aliipigania mpaka pumzi ya mwisho, na hapa uani wamejaa wanafunzi wanaotakiwa kuwa kule.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Agosti 1966, katika nyumba za walimu nyuma ya shule ya msingi ambako baba alifundisha hesabu, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na mama, aliyekuwa fundi cherehani, alisimulia kwamba mtoto huyu alianza kutembea kabla hajajua kutambaa vizuri, na toka siku hiyo hakukaa kitako. Aliitwa Kiguu na Njia akiwa bado na meno ya utoto, nalo jina likamganda, likamfuata shuleni, kazini, na hata kwenye kadi ya hospitali, ambako muuguzi mmoja aliliandika akidhani ni la ukoo.

Alianza shule ya msingi palepale Januari 1973, akaenda sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1980, na Oktoba 1986 akajiunga na chuo kikuu kusoma elimu ya udongo, akahamia takwimu baada ya mwaka, huku akihudhuria mihadhara ya muziki ambayo hakuna aliyemwalika. Baba alimwonya kwamba mshika mawili moja humponyoka, naye akajibu kwamba yeye hajashika mawili, ameshika saba. Alihitimu Novemba 1990, akapata shahada ya pili mwaka 1993, ila uzamivu aliuanza mara tatu, kwa mada tatu zisizojuana hata kwa salamu, asiumalize, na tuseme kweli, hilo lilimuuma, maana kila kikao cha kupandisha watu vyeo aliulizwa yeye hasa ni mtaalamu wa nini, akarudi nyumbani amevimba, akaanza kusugua masufuria yaliyokwisha kuoshwa.

Aliajiriwa hapo hapo chuoni tarehe 1 Machi 1994, kama mhadhiri msaidizi wa takwimu, na mwaka 1996 akabebeshwa kazi iliyokimbiwa na wote, ya kupanga Siku ya Kazi za Wanafunzi, ambapo vijana wa vitivo vyote huwasilisha tafiti zao. Alipanga vyumba kwa kusoma vichwa vya kazi tu, mbiombio, kama kawaida yake, na alipokuta kazi iitwayo "Vina na Mizani", akaitia chumba cha wahandisi wa maji, katikati ya "Kina cha Visima vya Bondeni" na "Mizani ya Kupimia Mchanga wa Ujenzi". Haraka haraka haina baraka, jamani! Binti aliyesimama pale alikuwa wa ushairi. Mhadhiri wa uhandisi akamuuliza, kwa heshima zote, vina hivyo amevipima kwa kamba au kwa mashine, binti akajibu kwamba vina havipimwi, vinasikika, na mizani yeye huhesabu kwa vidole, chumba kizima kikavunjika mbavu.

Kicheko kilipokwisha, mwanafunzi wa visima akamwomba yule binti msaada, kwa kuwa maelekezo yake ya kutunza pampu yalikuwa marefu mno na hakuna mtumiaji aliyeyasoma, na baada ya muda yakawa beti nne ambazo watu waliziimba wakiteka maji. Tangu hapo marehemu akawa anakosea makusudi. Aliyeandika juu ya seli za mahabusu alimketisha na aliyechunguza seli za damu, mawimbi ya redio akayakutanisha na mawimbi ya ziwa, na mwaka mmoja alimruhusu kijana wa kilimo alete funza wa kulisha kuku, wakatoroka, wakaingia ndani ya kinanda cha idara ya muziki. Yeye muda wote alikuwa koridoni, gundi mkononi, waya wa umeme begani, akichungulia mlango huu na kuchomokea ule, akiuliza, "Ehe, nyie mmeelewana?"

Yule mhadhiri wa uhandisi alifika ofisini kwake kulalamika kwamba chumba chake si jukwaa la malenga, akarudi kesho yake kulalamika tena, malalamiko yakanoga, na tarehe 18 Julai 1998 wakafunga ndoa. Walijaliwa binti mwaka 2000 na mvulana mwaka 2003. Shemeji yetu yuko hapa, ni shahidi kwamba mkewe hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Tulimkasirikia, alikuwa akiinuka katikati ya vikao vya familia kwenda kutatua shida za watoto wa watu, na leo tungetoa chochote ili ainuke tena.

Ugonjwa ulianza Oktoba mwaka jana, kwa maumivu ya tumbo aliyoyaita gesi, hadi tarehe 12 Januari alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki hiyo hiyo baraza la chuo likaamua kila kitivo kifanye siku yake peke yake, eti mchanganyiko ni vurugu tupu. Alitoka wodini na sindano ya dripu ikiwa bado mkononi, akaingia kikaoni, akazungumza akiwa amesimama, akapewa mwaka mmoja wa majaribio, kwa sharti kwamba vyumba vijae na kila mwanafunzi afike, vinginevyo ndiyo basi. Tarehe ikawekwa, ndiyo leo. Akagawa vyumba akiwa kitandani, karatasi zimetapakaa hadi kwa mgonjwa wa jirani, wauguzi wakimgombeza. Jumapili iliyopita aliwaambia mumewe na wanawe, "Mkiniahirishia ile siku, mmenizika mara mbili." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Juni.

Baraza limesema kuahirisha ni kufuta. Wanafunzi nao waligoma, wakasema hawawezi kusimama kueleza seli na mawimbi huku mwalimu wao anafukiwa, wakaja wote, na wamekwisha kupangana kubeba jeneza. Familia imekaa, imebishana, imelia, na kauli ya shemeji yetu ndiyo ya mwisho, kwamba wanafunzi mnaombwa kuinuka sasa hivi, mabasi ya chuo yako nje, mkamfanyie alichowaomba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, na wahadhiri wenzake, ambao nao wana vyumba vya kusimamia, basi tafadhali wafuateni vijana, afadhali viti vibaki vitupu hapa kuliko kule. Dada, tumebaki wachache, tutakubeba wenyewe. Wewe sasa pumzika, pumzika kwa amani.