Ña Deidamia Ozuna na Mshale Uliohama

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, mama yetu, Ña Deidamia Ozuna, atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Idara yetu ya Vipimo vya Mto, hapa Puerto Yataity, kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu meza zetu zimegusana na chupa ya terere, chai yetu ya majani ya maji baridi, tunakunywa pamoja. Nimekubali, ila mnivumilie. Sisi wa chumba cha takwimu tumechoka, na yeye ametushinda sote kwa uchovu.

Alizaliwa mji huu huu, akasomea takwimu Asunción, akarudi na shahada, licenciada kamili, na mdomo usiomwogopa mtu. Kazi yake ukiitaja harakaharaka inachekesha: aliandika maneno madogo juu ya grafu. Mto ukipanda, mstari unapanda. Mto ukishuka, mstari unashuka. Mtu akitazama anaona mlima na bonde, basi. Ña Deidamia ndiye aliyeweka mshale na kusema kulikuwa na nini. "Hapa mvua kubwa kaskazini." "Hapa kipimo kiligongwa na boti ya mchanga." Kuna wiki moja mstari ulilala bapa kama ubao, na mabwana wa makao makuu walikwisha anza kutunga nadharia kuhusu mto wetu, yeye akaandika: "Hapa mpimaji alikwenda harusini." Mpimaji mwenyewe, Don Eligio, alinuna mpaka Krismasi.

"Deidamia, umeniaibisha mbele ya nchi nzima!"

"Ungerudi Jumatatu kama watu wengine."

Alikuwa na masharti yake. Maneno yawe machache, mshale usiukate mstari, na rangi nyekundu ni ya maji yaliyoingia majumbani mwa watu, si ya kupambia. Vijana waliojaribu kuweka vivuli na vimulimuli aliwauliza kama wanachora grafu au wanapamba keki.

Tumebadilishiwa programu ya kuchora grafu mara nne. Kila mara anakuja bwana mwenye tai, anaapa kwamba hii ya sasa inafanya kila kitu yenyewe, anatumalizia chipa zetu, vile vimkate vya jibini, anaondoka. Na kila mara maelezo ya miaka yote yanabaki kwenye programu ya zamani, na Ña Deidamia anakaa kuyaandika upya, moja baada ya jingine, mgongo ukimuuma, akinung'unika, "Bikira wa Caacupé, nichukue tu." Bikira hakumchukua. Kazi ilikuwa haijaisha.

Wasioijua kazi hii niwaeleze kidogo, maana ndipo penye kisa chote. Katika programu zile za zamani, maelezo yalielea juu ya grafu kama karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha. Ukiibadilisha tarehe ya kuanzia, mstari wa mto unasogea, lakini maelezo yanabaki palepale, na mshale unaanza kuonyesha siku nyingine. Programu haipigi kelele. Grafu inatoka safi, na wewe unaiamini.

Sasa, mafuriko ya Bañado Tacuara mnayakumbuka, ule mtaa wa bondeni karibu na gati. Maji yaliingia nyumbani kwa watu, na onyo letu likatoka siku mbili baadaye. Lilikuwa limekaa hapa hapa ofisini likingoja sahihi. Ña Deidamia aliweka mshale pale panapostahili, upande wa pili wa mlima wa maji, akaandika: "Onyo lilitolewa hapa." Hakuongeza neno.

Mwaka uliofuata alipasuliwa goti, akawa likizoni. Mkurugenzi wetu, Don Wilfrido, akaagiza grafu ile ianzie wiki chache nyuma, mto uonekane ulivyokuwa shwari mwanzoni. Mstari ukasogea kulia. Mshale ukabaki. Ghafla onyo letu likawa limetoka kabla ya maji! Grafu ikatiwa fremu, ikatundikwa kwenye korido, ikachapwa katika kijitabu cha shule. Haukupita muda, mji mzima ukawa na wimbo mmoja: watu wa Bañado waliambiwa, wakakaidi.

Ña Obdulia Chamorro, ambaye nyote mnakula chipa zake, anatoka Bañado. Baba yake alikuwa hajiwezi kitandani, na maji yale ndiyo yaliyomuua. Siku Ña Deidamia aliporudi kazini na fimbo yake, Ña Obdulia alimsubiri chini ya fremu ile.

"Licenciada, wewe ndiye mwenye grafu. Niambie ukweli. Binti yangu amerudi kutoka shuleni ananiuliza kwa nini nilimwacha babu yake ndani na nilikwisha ambiwa. Niliambiwa lini mimi?"

Ña Deidamia alitazama ukutani, akaona. Hakwenda hata kuweka mkoba. Alikokota goti lake mpaka kwa mkurugenzi, nasi wote tukasikia, maana mlango haukufungwa.

"Don Wilfrido, mshale umehama."

"Mama, ni mshale tu huo. Na pale ulipo, kusema kweli, haujatuharibia kitu."

"Umemharibia yule mama hapo nje."

Aliurudisha siku ileile. Lakini nakala ya mkurugenzi ilibaki kwenye kompyuta ya mkurugenzi, na kila mwaka kijitabu kilichapwa kutoka humo, na kila mwaka fremu ilibadilishwa, mshale ukarudi kwenye uongo wake. Ña Deidamia akausogeza tena. Mwaka mwingine tena. Don Wilfrido akachoka, akasema ufutwe kabisa, watu wapumzike. Yeye akakataa, kwa kuwa mshale ukifutwa mji utabaki na kile ulichokwisha kukisikia. Ukuu wa kitengo ulipopatikana, ulipewa mtu mwingine. Wakubwa waliambiana kwa upole kwamba mama huyu ni mgumu. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

"Rosalino," aliniambia siku moja akinimiminia terere, "mshale huu umenichosha kuliko mume."

Na Ña Obdulia naye, kila asubuhi, kabla hajatua kikapu, alikwenda kwanza ukutani kuangalia mshale umelalaje.

Mwaka huu bwana mwenye tai alikuja tena, na safari hii, ajabu, hakudanganya. Programu mpya inaweza kuyafunga maelezo kwenye tarehe yenyewe. Ña Deidamia aliyafunga yote, akaubakiza mshale ule mwisho. Alipomaliza alimwita Don Wilfrido, akamkalisha kwenye kiti chake, akamkabidhi kipanya.

"Sogeza upendavyo."

Don Wilfrido akaanzisha grafu Aprili. Akaianzisha Machi, kisha Januari. Mstari ukakimbia huku na huku, na mshale ukakimbia nao, siku ileile, baada ya maji. Aliachia kipanya, akajifuta uso.

"Hata mimi nimechoka, mama," akasema. Akaagiza nakala yake ifutwe na fremu mpya itundikwe. Kisha akatoka kwenye korido, akavua kofia mbele ya kikapu cha chipa. "Ña Obdulia, onyo letu lilichelewa. Hukuambiwa."

"Basi ukamwambie binti yangu," akajibu Ña Obdulia.

Alikwenda kumwambia.

Jana asubuhi Ña Obdulia aliingia, akaupita ukuta ule bila kugeuza shingo, akatua kikapu chake, akaanza kuuza. Ña Deidamia alikuwa mlangoni, akamwona. Alivua miwani akalia, na sisi wengine tukajifanya tunatafuta vitu kwenye droo.

Asante, Ña Deidamia, kwa kila neno dogo uliloliweka mahali pake. Tunakuombea goti lisilouma, usingizi mrefu, na terere ya kunywa bila simu kulia. Nenda ukapumzike, mama. Mshale umefungwa kwenye siku yake, na atakayetaka kuusogeza atanikuta mezani.

Rosalino Vera,
kwa niaba ya Chumba cha Takwimu