Kidari cha Mbuzi wa Mektrida

Mjini Moshi, ukitoka sokoni kuelekea stesheni ya reli, lilikuwapo benchi mbele ya kibanda cha Khamisi, fundi wa stovu na taa za karabai. Miaka hiyo ya Mwingereza kahawa ilikuwa imepanda bei, na mlimani watu walikuwa wanaezua nyasi na kuezeka bati, lakini benchi la Khamisi lilibaki na miguu mitatu na jiwe moja, na lilibeba shauri lolote uliloliletea. Jumamosi hiyo lilikuwa limembeba Sirili wa Kilema, ambaye kijiweni walimwita Kisu. Msimwogope! Jina lilitokana na nyama tu: ukoo mzima ulimwita yeye kugawa mbuzi, na tangu aanze kugawa hakuna mtu aliyeondoka amenuna. Sasa aliyenuna alikuwa yeye mwenyewe. Binti yake Mektrida alikuwa ameshika namba moja katika mtihani wa darasa la nne, kawaacha nyuma hata wavulana, na masista walikuwa wamempa nafasi ya bweni. Sherehe ilikuwa kesho baada ya misa. Mbuzi yupo, mbege ya ndizi imeiva, ila mkewe Zita na mtoto hawapo nyumbani.

— Wamekwenda wapi? aliuliza Alawi, muuza kahawa, huku akimmiminia kikombe.

— Kwa shemeji yangu Melkior, kule juu. Zita kafunga mzigo wake, kamshika mtoto mkono, huyo!

— Umempiga?

— Ala! Nimpige kwa nini? Nilisema neno moja tu, pale nje ya kanisa, mbele ya watu.

— Neno gani?

Sirili alikunywa kahawa kwanza. Neno lenyewe lilikuwa tamu sana alipolisema, watu walimpigia makofi. Sasa hata kulirudia aliona haya.

— Nilisema akili ya Mektrida imetoka kwetu.

Khamisi aliacha kupuliza kichwa cha stovu.

— Na Zita akasemaje?

— Akasema, "Haya, basi mngemzaa ninyi."

Benchi zima lilicheka mpaka jiwe likateleza, ikabidi wote wasimame Khamisi alirudishe. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Ally, mstaafu wa reli. Hapo kijiweni wote waliitwa kwa majina ya utani, lakini lake lilizidi: Bwana Shauri. Hakuwa na ofisi wala tarishi, ila hakuna kesi iliyopita mtaa ule bila yeye kuikatia hukumu.

— Sasa sikilizeni, alisema Sirili, msicheke. Nimeteremka na basi la asubuhi kwa sababu ya hili. Kwetu kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe. Mbuzi wa mahari najua kidari kinakwenda kwa nani. Mbuzi wa ubatizo najua. Lakini mbuzi wa mtihani? Hajawahi kuchinjwa! Melkior anasema akili imetoka kwao, basi kidari ni chake. Mimi nasema imetoka kwetu. Nikatieni shauri, nikapande nimwambie Zita neno la kueleweka, warudi.

Aliwataka warudi, na aliwataka warudi leo. Nyumba ilikuwa kimya vibaya. Jioni alizoea kumsikia Mektrida jikoni akisoma kwa sauti, na kila mara alikuwa akimpigia kelele apunguze. Jana alikaa mlangoni akisubiri sauti hiyo hiyo, akajiona mjinga.

— Haya, toa ushahidi, alisema Bwana Shauri. Kwenu akili ilikuwa kwa nani?

— Kwa baba yangu. Ng'ombe wake walikuwa kwenye mazizi ya watu, huyu kwa fulani, yule kwa fulani, mpaka ng'ambo ya mto. Hakuandika popote. Ndama akizaliwa kule, yeye huku ameshampa jina.

— Na kwa kina Zita?

— Melkior anasema baba yao alikuwa mkalimani wa Wajerumani. Mkalimani gani! Alikuwa anambebea Mjerumani kiti.

— Sasa Mjerumani akikaa, si alikuwa anaongea? alisema Alawi. Na mbeba kiti si yupo hapo nyuma anasikia? Kijerumani kinamwingia taratibu.

— Wewe uko upande wa nani?

— Mimi niko upande wa kahawa. Nyie wote mmepotea njia. Mwambie Bwana Shauri ukweli: Zita alipokuwa na mimba ya huyo mtoto, hakuwa anatafuna buni shambani?

— Alitafuna, alikubali Sirili. Wakati wa kuchuma wanatafuna wote, ni tamu lile ganda.

— Umeona! Mtoto kanywa kahawa kabla hajaonja maziwa. Huyo hawezi kusinzia darasani mpaka anazeeka. Mimi shingo inanitosha.

— Shingo ya nani?

— Ya mbuzi, bwana. Akili imetoka kwenye kahawa, na mimi ndiye mtu wa kahawa.

Khamisi alisimama na bisibisi mkononi. Jina lake la kijiweni lilikuwa Karabai, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Akishaanza kuongea humzimi mpaka mafuta yaishe.

— Kisu, nikuulize. Karabai yako ya kwanza uliinunua wapi?

— Kwako.

— Mwaka gani?

— Mwaka aliozaliwa Mektrida.

— Allahu akbar! Jamani, mmesikia kwa masikio yenu. Watoto wenu wengine wamezaliwa kwenye kibatari, wamefumbua macho wakakuta moshi. Huyu kafumbua macho akakuta mwanga mweupe umejaa nyumba nzima. Ubongo ukishaona hivyo siku ya kwanza, unadhani utakubali giza tena? Mimi nadai paja. Na nitakuja kuchinja mwenyewe, maana nyie wa mlimani mkimkaba mbuzi wenu, sisi Waislamu tutabaki kula ndizi.

— Lakini Mektrida alizaliwa mchana, alisema Sirili.

— Taa ilikuwepo au haikuwepo?

— Ilikuwepo. Imening'inia.

— Basi. Aliiona.

Sirili alitamani kucheka, lakini kila akifikiria mlango wa Melkior kicheko kilimkauka. Hapo Bwana Shauri akajikohoza, akaweka kikombe chini, na wote wakanyamaza kwa sababu walijua kikohozi kile.

— Mmesema ya kitoto. Sasa nisikilizeni mimi niliyefanya kazi reli. Samaki wa Tanga anafikaje hapa Moshi hajaoza?

— Kwa barafu, alisema Alawi.

— Kwa barafu. Na juu ya mlima kuna nini?

— Theluji.

— Na maji ya mfereji unaopita kihambani, kwenye migomba ya Kisu, yanatoka wapi? Huko huko! Mtoto anakunywa maji ya baridi tangu mdogo, ubongo unakaa kwenye ubaridi, hauchachi. Anachofundishwa Jumatatu, Ijumaa anakikuta kibichi vilevile. Akili ya Mektrida imetoka kwenye theluji. Nimemaliza.

— Sasa Bwana Shauri, alisema Khamisi, mbona Kisu naye amekunywa maji hayo hayo maisha yake yote?

Walimgeukia Sirili, wakamtazama kwa huruma ya uongo.

— Mimi nakunywa mbege, alisema Sirili kwa unyonge.

Walicheka mpaka Alawi akamwaga kahawa. Kisha Bwana Shauri akakata hukumu, akihesabia vidole: kidari kigawanywe nusu kwa nusu, ukoo wa Sirili na Melkior, shingo ya Alawi, paja la Khamisi, paja la pili la Padri maana shule ni yake, mbavu za wazee wa mfereji. Kichwa, kwa kuwa shauri lilitaka kichwa, kikae kwake mwenyewe.

— Na utumbo? aliuliza Khamisi.

— Utumbo supu ya wote.

Sirili aliridhika kidogo. Ugawaji aliujua, na huu ulikuwa umekaa sawa, mbuzi mzima amekwisha bila ugomvi. Alianza kupanga jinsi atakavyomwambia Zita.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya kibanda muda wote huo, akisubiri stovu yake. Aliitwa Zuleha, ndiyo kwanza amehamia mtaa ule kutoka Chekereni, na hakuna aliyekuwa amemjali zaidi ya kuitikia shikamoo yake alipofika.

— Samahanini wazee, alisema. Nimesikia mbuzi mzima amegawiwa. Huyo binti mwenyewe, anapenda kipande gani?

Khamisi alimtazama Alawi. Alawi alimtazama Bwana Shauri. Bwana Shauri alikohoa, lakini safari hii hakikufuata kitu. Kisha wote watatu wakamgeukia baba mtu.

Sirili alifungua kinywa. Alijua mjomba fulani hali figo, alijua bibi fulani hana meno apewe ini, alijua kipande cha kila jirani mpaka bondeni. Lakini nyama ya wanawake na watoto alikuwa akiitia kwenye sinia, inaingia jikoni kwa Zita, na yeye anarudi migombani kwa wanaume wenzake. Huko jikoni Mektrida alikula nini, alichagua nini, alimwachia nani, hakupata kuona hata siku moja. Alitafuta kichwani, akatafuta tena.

— Sijui, alisema.

— Hujui? alisema Zuleha, bila ubaya wowote. Basi nilitaka kujua tu. Wa kwangu anang'ang'ania mkia.

Sirili alisimama.

— Wapi tena, Kisu? Hukumu hujaishika vizuri, alisema Bwana Shauri.

— Napanda kwa Melkior.

— Umwambie kuhusu nusu kidari?

— Achukue kidari chote. Nakwenda kumwuliza Zita mtoto anapenda nyama gani.

— Na akikuuliza akili imetoka wapi?

— Nitamwambia nitaijuaje akili, bwana, na chakula chake tu sikijui! Mtoto wangu! Yuko kwangu miaka yote hii!

Sauti ilimpasuka mwishoni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyemtania. Aliweka kikombe, akashukuru kwa Kichagga, aika, kwa kusahau, akashika njia ya kituo cha mabasi. Hajafika hata dukani kwa Mhindi, akawasikia nyuma yake.

— Mimi nadhani ini, alisema Khamisi.

— Ini? Mtoto wa akili hali ini, linampa usingizi, alisema Alawi. Huyo ni wa mbavu.

— Nyamazeni, alisema Bwana Shauri. Nikuulizeni. Samaki wa Tanga...

Sirili aliongeza mwendo, maana jibu hilo alitaka kulisikia kwa Zita, na basi la kwenda juu lilikuwa limeshawasha injini.