Chanzo Hakijulikani

Nani kati yenu kamwaga kifusi kwenye bwawa langu?

Msitazamane. Sikilizeni, wanangu: mito minne mliyonipangia mgongoni mlidhani ya kunipumzisha, kumbe mmeniinua nione dirishani vizuri. Nimeona alama za matairi zilivyolaza matete. Nimeona matofali yaliyovunjika pale anapovizia mdiria, yule ndege wa buluu mnayempiga picha mkija likizo, mkijifanya mnapenda viumbe.

Lile si shimo la taka, wala si kiwanja kinachosubiri ramani ya mtu. Pale vyura hutaga, kereng'ende hukulia majini kabla ya kuota mabawa, kambare hujichimbia topeni kiangazi kikikaza, na visima vya mtaa mzima vina maji kwa sababu bwawa lile huipokea mvua na kuizamisha ardhini taratibu. Mnayajua haya. Niliwafundisha kabla hamjajua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo mtu asiniambie hakujua. Aseme alitaka kujenga, nimheshimu walau kwa hilo.

Nyumba namwachia muuguzi, maana ndiye anayenigeuza ubavu bila kuguna kama mpakiaji wa magunia. Hadubini na vitabu ni vya kitinda mimba, na asivipange sebuleni kama maua ya plastiki. Wewe dereva, mwanangu wa kwanza, nilikuwa nimekuandikia bwawa. Mbona unatazama viatu? Vina tope?

Haya. Gugu maji mling'oe kila Jumamosi, kwa mikono, kabla halijachanua, mlianike juu ya jiwe hadi likauke kabisa. Msilitupe mtoni mkawapelekea watu wa chini balaa letu. Dawa ya magugu isiingie humo hata tone. Matete ya upande wa mashariki msiyaguse, ndege wanalea.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Mnamkumbuka mjomba wenu, fundi baiskeli? Miaka ishirini na sita hakukanyaga ua huu. Nilimfukuza mbele yenu, nikamwita muuaji wa bwawa, kwa kuwa gugu lilipotokea yeye ndiye aliyekuwa akisuuzia ndoo zake pale, na mwenye mikono ya grisi ni rahisi kumsingizia. Alikufa hajaniita dada tena. Nanyi mkaichukua chuki ile bila kuuliza, kama mnavyolipigia hesabu kabati langu.

Hakuwa yeye.

Nilikuwa naandika tasnifu juu ya gugu maji, nimechoka kulifuata ziwani kwa mabasi mawili kila wiki. Nikaja na mashina matatu ndani ya ndoo ya kufulia, nikayatia bwawani kwa wiki mbili tu, niyapime asubuhi nikiwa na kandambili miguuni. Mimi, niliyekuwa najua kuliko mtu yeyote mtaani jinsi linavyozaana! Wiki mbili! Na kwenye tasnifu, ukurasa wa arobaini, nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Chanzo hakijulikani." Maprofesa wakanipigia makofi.

Neno hilo nimelitoa. Lilinikaba koo kuliko ugonjwa huu. Nendeni kwa watoto wa mjomba wenu mkawaambie hivyo hivyo, wala msinipambe. Kesho, si baada ya matanga. Na kifusi kile kitoke chote, koleo kwa koleo, aliyekimwaga akiwa mbele.

Mungu awape... ngojeni... awape mikono isiyoona kinyaa tope, na midomo inayosema mapema kuliko wangu. Mimi nimesema langu. Sasa zamu ya mwingine, na sina pumzi ya kumbembeleza mtu mzima.

Nani?

Sauti hiyo ndogo siisikii. Rudia, baba. Rudia wenzako wasikie.

"Ni mimi, mama. Lori lilikuwa langu. Kifusi nilimwaga mimi."